Sungura Kumi na Wawili wa Kukopa

Walisema sitaweza. Baba mkubwa wangu, aliyekuwa na kibanda cha chumvi, sabuni na vitenge katika soko la Bunia, alisema mbele ya watu, siku niliyoaga kwenda Ulaya, kwamba ningerudi na koti la baridi na kikohozi, basi. Jirani yetu wa mtaa wa Mbunya, mama aliyeuza mafuta ya mawese kwa chupa, alisema mtoto aliyekulia kubeba samaki wakavu wa Kasenyi hawezi kukaa benchi moja na watoto wa makarani. Katekista aliahidi kuniombea, lakini kwa sauti ile anayoombea wagonjwa waliokwisha kukata kauli.

Nawaandika hapa wote bila chuki. Nawaandika kwa sababu walikosea, na napenda ijulikane.

Hakuna aliyenilipia masomo. Kule Gent, Ubelgiji, nilianza kwa kuosha chupa katika maabara ya kiwanda cha dawa, mchana chupa, jioni darasa. Mwaka wa pili wakanipa kazi ya kusafisha vizimba vya sungura. Mwaka wa tatu wakaniruhusu kuwashika sungura wenyewe. Mwaka wa tano nilikuwa na diploma, na Mbelgiji aliyenifundisha kuosha chupa alikuwa ananiuliza mimi maswali.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilishuka uwanja wa ndege wa Bunia na valizi mbili. Tai nilikuwa nimeificha chini ya mashati, maana nyakati zile serikali iliamuru abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na tai ilikuwa kosa. Diploma sikuificha. Niliishika mkononi, ndani ya bomba la karatasi ngumu, tangu ngazi za ndege hadi Mbunya, na kila aliyeuliza ile ni nini nilimjibu. Wachache ambao hawakuuliza niliwajibu pia.

Baba mkubwa aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia.

"Miaka tano ku Bulaya," alisema, "juu ya kujua kupima dawa? Mimi niko na mizani mbili ku soko. Na sikuenda mbali."

"Baba mukubwa, mizani inapima uzito. Haipime nguvu."

"Nguvu ya dawa inapimwa na nini?"

"Na mwili."

"Mwili ya nani?"

"Ya sungura," nilisema.

Watu waliojaa sebuleni kunipokea walicheka hadi sahani ya mchuzi ikamwagika. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimepata jina: Munganga ya Sungura. Watoto wa mtaa waliliimba nikipita. Mimi nilinyoosha shingo nikapita.

Lakini nililosema lilikuwa kweli, na nitalieleza hapa kama nilivyoshindwa kulieleza siku ile. Kuna dawa ambazo mtu anaweza kuzipima kwa mzani na kujua kazi zitakayofanya. Nyingine, hasa homoni, haziwezekani hivyo. Chupa mbili zinaweza kufanana kama maji na maji, uzito mmoja, harufu moja, moja ikawa hai na nyingine imekufa. Ili kujua, lazima kuzipeleka mahali zinapofanyia kazi, yaani ndani ya kiumbe hai, kisha kulinganisha. Kule kiwandani tulikuwa na majogoo waliohasiwa: ukimpa jogoo homoni ya kiume, upanga wake wa kichwani unakua tena, na sisi tulipima upanga kwa rula. Na insulini, dawa ya watu wa ugonjwa wa sukari, tuliipima kwa sungura. Unamdunga, unatoa tone la damu sikioni kila saa, unaangalia sukari inavyoshuka. Sungura mmoja hatoshi, kwa sababu sungura hawalingani, kama watu. Kwa hiyo unachukua wengi, nusu unawapa dawa unayoiamini, nusu dawa unayoitilia shaka. Baada ya siku chache unawabadilisha: waliopata ile wanapata hii. Mwishoni kila sungura amezionja zote mbili.

Kazi nilipata katika hospitali ndogo ya mjini. Walinipa chumba kimoja, meza, mashine ya zamani ya kupima rangi iliyofanya kazi kwa betri ya lori, na hadubini ya kupima malaria na minyoo. Mwaka mzima nilihesabu minyoo. Baba mkubwa aliwaambia wateja wake kwamba ndugu yake alimzaa mtu aliyekwenda Ulaya kujifunza kuangalia mavi.

Katika nyumba yetu kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kunicheka. Mdogo wangu wa kike alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Nilipokuwa Gent alianza kukonda, akawa anakunywa maji ndoo nzima na kiu haiishi, hadi siku alipoanguka mbele ya ubao. Walimkuta na ugonjwa wa sukari, ule wa vijana, ambao mgonjwa wake haishi bila insulini. Tangu hapo kila asubuhi alichemsha sindano yake ya kioo juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akajidunga pajani, akanywa chai bila sukari, akaenda shule. Alifanya hivyo kama wengine wanavyosuka nywele. Mimi, niliyewashika sungura mia, sikuweza kumtazama.

Masika yale lori lililobeba dawa zetu lilikwama kwenye matope upande wa Mambasa. Si siku mbili. Wiki karibu tatu. Lilipofika, sanduku la insulini, lililokuwa limepakiwa na barafu, lilikuwa na maji ya vuguvugu chini yake na chupa zikielea kama maharagwe. Chupa sitini. Ndani ya jokofu la hospitali hapakuwa na nyingine. Watu wa hospitali ya misheni ya Nyankunde walitugawia moja kati ya chache walizokuwa nazo, ikaletwa kwa pikipiki ndani ya termosi. Moja hiyo ingemtosha mdogo wangu siku kumi na tano. Sanduku jingine, kwa barabara ile, lingechukua si chini ya miezi miwili.

Daktari mkuu wetu, mtu mrefu wa Bas-Zaïre ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu Lingala, aliinua chupa moja ya sanduku, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Citoyen," aliniambia, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana, "dawa hii ilipikwa. Ninatupa."

"Daktari, insulini inavumilia joto kuliko tunavyofikiri. Inawezekana iko nzima."

"Inawezekana, inawezekana. Sidunge mutu na inawezekana."

"Mimi ninaweza kuipima."

Alinitazama. Nakumbuka nilisimama wima, na nakumbuka nilivyosema, maana nilikuwa nimelisubiri neno hilo mwaka mzima: "Nina diploma ya kitu hiki hasa. Hakuna mwingine kutoka hapa hadi Kisangani."

"Na sungura iko wapi?" aliuliza.

Hospitali haikuwa na sungura hata mmoja. Na mimi, baada ya kujenga nyumba ya mama na kununua kitanda cha Ulaya, sikuwa na uwezo wa kuwanunua. Hivyo Munganga ya Sungura alizunguka mtaa akiomba kuazimwa sungura.

Mama wa mafuta ya mawese alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Utabaleta na roho yao?"

"Nitawaleta."

"Bazungu banakula sungura na sauce ya prune, mchuzi ya matunda. Niliisikia. Weye ulikaa kwao miaka tano."

"Mama, sitawala. Nitawadunga sindano tu, na kutoa damu kidogo ku sikio."

"Eh! Juu ya nani?"

Nilipomtaja mdogo wangu, alikunjua mikono. Alinipa wawili. Mtoto wake alikuwa mwanafunzi wa mdogo wangu. Katekista alitoa wawili, jirani fundi baiskeli mmoja. Baba mkubwa alikuwa na dume la kijivu, kubwa kama paka wa msikitini, alilolijivunia kuliko kibanda chake. Alilitoa kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka ndani ya sanduku la sabuni.

"Hii sungura," alisema, "niliikataa kwa mutu aliyeniletea mbuzi. Unaisikia?"

"Ninasikia, baba mukubwa."

"Ikikufa, usirudi Mbunya. Rudi Bulaya."

Sita wa mwisho niliazimwa na masista waliokuwa na shamba kwenye njia ya Bogoro. Wao hawakuuliza mambo ya mchuzi.

Niliwapanga katika chumba nyuma ya maabara: sita wa majirani mstari wa mbele, karibu na mlango, sita wa masista mstari wa nyuma. Na hapo nilifanya kosa ambalo nilikuwa nimefundishwa kwa miaka miwili nisilifanye. Badala ya kupiga kura nani apate dawa ipi, nilifuata mistari. Nyuma, chupa ya Nyankunde. Mbele, chupa ya sanduku. Ilikuwa rahisi kukumbuka. Nilidhani mtu mwenye diploma anaweza kuruka hatua moja.

Sungura wa kazi hii lazima wakae na njaa tangu jana yake, tumbo likiwa tupu, la sivyo chakula kinaongeza sukari huku dawa inaipunguza, na huwezi kujua nani ameshinda. Kwa hiyo nilibandika karatasi mlangoni, kwa Kifaransa kizuri kabisa, kwamba ni marufuku kuwalisha wanyama hawa. Nikatia sahihi. Chini ya sahihi nikaandika diploma yangu, kamili.

Jumanne asubuhi niliwadunga. Kila saa nilichukua matone kutoka mshipa wa sikio, nikayachanganya na dawa yangu yenye harufu kali ya siki, nikaitumbukiza mirija kwenye maji yanayochemka. Mirija hutoka ya kijani. Sukari nyingi, kijani kizito kama majani ya mhogo. Sukari kidogo, kijani chepesi. Hadi saa nane mchana nilikuwa na mirija mingi iliyopangwa kwenye mbao, na haikuhitaji mashine kuisoma. Ya sungura wa nyuma ilikuwa myepesi, karibu maji. Ya sungura wa mbele ilikuwa mizito.

Daktari aliingia, akaitazama mara moja.

"Imekufa," alisema.

Nilikwenda kumwambia mdogo wangu shuleni, ng'ambo ya ukuta wa hospitali, chini ya paa la bati, watoto wakiwa wametoka kucheza. Alikuwa anafuta ubao.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "niambie tu. Iko nzima ao imekufa?"

"Inaonekana imekufa."

Aliendelea kufuta hadi ubao ukawa safi kabisa. "Imebaki siku ngapi ya ile ya Nyankunde?"

"Kumi na mbili. Nimetumia kidogo ku sungura."

"Nilitaka nimalize hesabu ya kutoa kwa kukopa mbele ya Pasaka," alisema. "Banaanza kuelewa. Wale ba nyuma tu njo bado."

Aliokota chaki. Mimi nilikaa kwenye benchi dogo la darasa la pili, magoti karibu na kidevu.

Daktari alitaka sanduku litupwe siku ile ile. Nilikataa. Nakiri kwamba sikukataa kwa sababu niliona mbali. Nilikataa kwa sababu ya kiburi: kazi hii ina siku mbili, na sitaki iandikwe kwamba niliifanya nusu.

"Juu ya nini kumaliza dawa nzuri ku sungura?" aliuliza daktari. "Dada yako anaihitaji."

"Siku ya pili tunabadilisha, daktari. Waliopata nzuri wanapata ya sanduku, waliopata ya sanduku wanapata nzuri. Bila hiyo sijapima kitu."

Alikubali kama mtu anayemruhusu mfiwa kulia kidogo zaidi.

Ijumaa niliwabadilisha. Sungura wa mbele walipata dawa ya Nyankunde, ile isiyo na shaka. Nilichemsha mirija, nikaitoa, nikaipanga juu ya mbao. Mirija ya mbele ilikuwa mizito tena. Ya nyuma, waliopata dawa ya sanduku, ilikuwa myepesi tena.

Nilirudia kusoma majina ya chupa. Nilirudia namba za vizimba. Hakuna nilichokosea. Dawa ambayo kila asubuhi ilimweka mdogo wangu hai ilishindwa ndani ya sungura wa mbele, na dawa tuliyotaka kutupa ilifanya kazi ndani ya sungura wa nyuma. Basi tatizo halikuwa chupa. Lilikuwa sungura. Kulikuwa na jambo ambalo sungura wa majirani walikuwa nalo na wa masista hawakuwa nalo.

Niliinama kwenye kizimba cha dume la baba mkubwa. Kwenye pembe, chini ya nyasi, kulikuwa na kipande cha ganda la ndizi.

Nilimtafuta sentineli, mzee aliyelinda lango la hospitali tangu enzi za Wabelgiji. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia magotini.

"Papa, nani anaingia ku sungura yangu?"

"Hakuna mutu anaingia." Akafikiri. "Ila tu ba garde-malade."

"Ba garde-malade ya nani?"

"Ya sungura."

Wasomaji wa Bunia hawahitaji kuelezwa, lakini wa mbali wajue: kwetu hospitali inampa mgonjwa kitanda na dawa. Chakula analetewa na watu wake. Ukoo hutoa mtu, ndiye garde-malade, anayelala chini ya kitanda, anafua, anapika nje uani, anahakikisha mgonjwa hakosi kitu. Kumpeleka ndugu hospitali na kumwacha bila chakula ni aibu ambayo watu watakukumbusha hadi kwenye msiba wako.

"Saa ya kutembelea bagonjwa ikifika, minafungua," sentineli alisema. "Mama ya mafuta anakuya na majani ya viazi. Katekista, karoti. Baba mukubwa yako, ndizi, kila siku ndizi. Asubuhi na mapema tena, mbele ya weye kufika. Masista tu njo habakuye. Iko mbali."

"Na ile karatasi ku mulango?"

"Iko Kifaransa, munganga. Mirefu. Nilifikiri ni jina yako."

Nilirudi chumbani nikaibandua. Ilikuwa kweli: sahihi na diploma vilichukua nusu ya karatasi.

Jumamosi niliwaita wenye sungura uani mwa hospitali. Hapakuwa na mkutano mgumu kuliko ule, hata mtihani wa Gent, kwa sababu ilinibidi kuanza kwa kusema kwamba niliazima mali yao bila kuwaeleza naifanyia nini.

Baba mkubwa hakungoja nimalize. "Sungura yangu ilikuwa ku hospitali! Ulitaka niende ku kanisa na uso gani? Batu baseme nilituma mugonjwa na sikumupelekea ata ndizi?"

"Si mugonjwa, baba mukubwa."

"Iko ku hospitali, inadungwa sindano, inatoka damu. Sasa mugonjwa iko namna gani?"

Wote walikubaliana naye. Hata sentineli aliitikia kwa kichwa.

Basi niliacha Kifaransa na nikaacha Gent. Nikasema: "Mukitaka kujua kama kasiksi iko kali, munafanya nini? Munaitazama?"

Walitazamana. Kasiksi ni pombe ya ndizi, na hawa walikuwa watu wa kanisa.

"Siye hatujue mambo ya kasiksi," alisema katekista.

"Mimi nilisikia batu banasema," alisema mama wa mafuta, akitazama pembeni, "ati mutu moja anaionja."

"Na kama ule mutu alikula ugali sahani mbili mbele ya kuonja?"

"Ah, pale haimushike," alisema fundi baiskeli upesi mno, na uani pote pakalipuka kicheko, katekista akiwamo.

"Njo vile," nilisema, yaani ndivyo hivyo. "Sungura yenu njo bamuonjaji yangu. Nyinyi mulibalisha ugali. Dawa haikubashika, nikasema dawa imekufa. Na mudogo wangu nilimuambia atakufa."

Hapo kicheko kilikwisha. Mama wa mafuta alifunika mdomo kwa kitenge. Baba mkubwa alinikaribia.

"Hukusema," alisema, kwa sauti nyingine.

"Sikusema. Kosa ni yangu."

Nadhani ni mara ya kwanza walinisikia nikisema maneno hayo. Sijui kama kulikuwa na ya pili.

Sikuweza kuwakataza kuja. Nililiona hilo. Kwa hiyo niliwapa kazi. Jumatatu jioni kila mwenye sungura angekaa na mgonjwa wake, kama garde-malade kweli, na kazi yake ingekuwa kuhakikisha mtu hampi chochote isipokuwa maji. Walipokezana kwenye mikeka, wakisengenya na kuimba nyimbo za kanisa. Niliambiwa kwamba mama wa mafuta alitoa jani moja la viazi kutoka ndani ya kitenge, "juu ya huruma tu," na baba mkubwa alimpokonya akalila mwenyewe, likiwa bichi.

Jumanne nilipiga kura. Nilitumbukiza vifuniko vya chupa za bia, vyenye namba, ndani ya kofia ya sentineli, na mdogo wangu akavitoa kimoja kimoja. Wa masista na wa majirani walichanganyika. Dume la kijivu liliangukia dawa ya sanduku.

Saa ya kwanza, ya pili. Mirija ya pande zote mbili ilianza kufanana. Sikusema neno, maana nilishawahi kusema mapema. Ilipokaribia saa ya tatu nilisikia baba mkubwa akipiga kelele kutoka mlangoni, alipokuwa amekaa kwenye kigoda.

"Inakufa! Sungura yangu inakufa!"

Dume la kijivu lilikuwa limelala ubavu, kichwa kimerudi nyuma, miguu inapiga hewa. Baba mkubwa alinishika ukosi wa koti jeupe.

"Umeiua! Nilikuambia! Umeiua!"

Na mimi nilikuwa nacheka. Nilicheka hadi machozi, na alidhani nimepata wazimu. Sungura anayeanguka hivyo ni sungura ambaye sukari yake imekwisha damuni, na hakuna kinachoimaliza sukari hivyo isipokuwa insulini iliyo hai, hai kabisa. Kule Gent tulikuwa na sindano ya glukosi tayari mezani kwa ajili ya saa hiyo, na hapa pia nilikuwa nayo. Nilijinasua, nikalidunga dume. Nikahesabu kwa sauti. Kabla sijafika mia mbili, dume lilikunja miguu, likakaa, likatikisa masikio, likatutazama sote kama watu waliolikatizia usingizi.

Baba mkubwa alikaa sakafuni palepale, kwenye maji na majani.

"Hii dawa imeiangusha namna gani, kama imekufa?" aliuliza polepole.

"Haikukufa, baba mukubwa."

Aligeuka kumtafuta mdogo wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, chaki bado vidoleni, maana alikuwa amekimbia kutoka darasani aliposikia kelele. Aliacha chaki ianguke. Aliegemea mlango, akateleza taratibu hadi chini, akakaa naye sakafuni, wakashikana mikono, na sungura katikati yao akaanza kula majani ambayo sasa alikuwa na haki nayo.

Ijumaa nilifanya nusu ya pili, kwa sababu kazi hii ina siku mbili. Niliwabadilisha, nikachora mistari yangu kwenye karatasi ya miraba, nikampelekea daktari. Dawa ya sanduku ilikuwa imepungua nguvu kidogo sana, kama kikombe cha chai ambacho mtu amekinywa funda moja. Alisoma karatasi yote, pande zote mbili. Kisha alitoa kalamu, akatia sahihi.

"Citoyen," alisema, "nilikuwa nimekwisha kumuita mutu wa kuchimba shimo ya kutupa zile chupa."

Chupa ya Nyankunde ilikuwa imebakiza asubuhi moja. Jumapili mdogo wangu alijidunga kutoka sanduku kwa mara ya kwanza, na safari hii nilimtazama. Mchana nilichukua tone kidoleni mwake, nikachemsha mrija mmoja tu. Ulitoka wa kijani chepesi kama jani la mhogo linalochipua. Nilienda nyuma ya maabara, mahali pasipo na mtu, nikaketi juu ya sanduku la sabuni nikapumua. Nilikuwa sijapumua vizuri tangu lori lilipofika.

Wale sungura nilikaa nao miezi minne zaidi, kwa idhini ya wenyewe, hadi sanduku jingine lilipofika, nalo likapimwa. Waliongezeka, kama kawaida yao. Zilipofika likizo kubwa nilivaa abakosti yangu nzuri, nikachukua mkokoteni wa kukodi, nikaanza kulipa. Kwa masista njia ya Bogoro nilirudisha sita na watoto sita. Katekista wawili na wawili. Fundi baiskeli mmoja na mmoja. Alisema ningekuwa na akili ningeleta na kasiksi. Mama wa mafuta aliwakagua wake meno, tumbo na makucha, akakiri kwamba mchuzi haukuwagusa.

Baba mkubwa nilimweka wa mwisho, sokoni, mbele ya wateja, kama alivyoniaga mbele ya watu. Nilimkabidhi dume la kijivu na jike mchanga mwenye rangi ile ile. Alilinyanyua dume, akalipima kwa mkono, kisha, kwa kuwa alikuwa yeye, akaliweka kwenye mzani wa chumvi. Lilikuwa limeongezeka. Akayafunua masikio, akayageuza kwenye jua.

"Sikio iko na matundu," alisema. "Hii, na hii. Mingi."

Wateja walisogea kuangalia. Mama mmoja aliyekuja kununua sabuni aliuliza kama ni ugonjwa.

"Ugonjwa?" alisema baba mkubwa, akaliinua dume juu kwa mikono miwili ili hata wa vibanda vya mbali waone. "Mama, weye hujue kusoma. Hii njo diploma yake."